Je, Wajua? Riwaya za Kikristo na Wasomaji Waliozibeba

Je, wajua kwamba riwaya ya The Robe ilizaliwa na swali la msomaji? Dada mmoja aliyekuwa muuzaji wa dukani katika jimbo la Ohio, Marekani, alimwandikia barua Lloyd C. Douglas, mchungaji aliyekuwa ameacha mimbari ili aandike vitabu. Alitaka kujua lile vazi la Yesu, ambalo askari walilipigia kura chini ya msalaba, liliishia mikononi mwa nani. Douglas alidhani jibu lingetosha hadithi fupi. Likazaa kitabu kinene kilichotoka mwaka 1942, na kwenye ukurasa wa kutabaruku akaliweka jina la yule dada. Filamu yake ya mwaka 1953 ndiyo iliyoanzisha CinemaScope, zile picha za skrini pana.

Je, wajua kwamba The Shack ilikataliwa na wachapishaji 26? William Paul Young, mkazi wa Oregon, aliiandika kwa ajili ya watoto wake sita, na mwanzoni akatoa nakala 15 tu dukani kwa wapiga fotokopi. Marafiki zake wakaamua kuichapa wenyewe mwaka 2007, wakiwa na takriban dola 300 za kuitangaza. Wasomaji ndio walioifikisha kwenye mamilioni ya nakala: aliyeisoma alinunua nyingine akampa jirani aliyefiwa. Humo Mungu Baba anamtokea baba aliyeuliwa binti yake, na anamtokea akiwa mama mweusi. Wachungaji wengi waliikemea kwa hilo, na wengine wakaigawa kwa waombolezaji. Mimi naiona kuwa kitabu cha mfiwa. Anayeisaka teolojia iliyonyooka atanung'unika, lakini aliyezika mtoto ataisoma mpaka mwisho.

Je, wajua kwamba sura za In His Steps zilisomwa kanisani kabla hazijachapwa? Mwaka 1896 Mchungaji Charles Sheldon wa Topeka, Kansas, alitaka watu waje kwenye ibada ya Jumapili jioni. Badala ya kuhubiri, akawasomea hadithi, sura moja kila wiki, akikatisha pale penye utamu. Hadithi inahusu waumini wanaoahidi kwa mwaka mzima wasitende neno lolote kabla ya kujiuliza Yesu angetenda nini mahali pao. Ilipotolewa gazetini haki miliki ilisajiliwa kwa kasoro, hivyo wachapishaji wengi wakajichapia bure. Sheldon alikosa fedha nyingi, ila kitabu kikafika kila mahali. Bangili za miaka ya 1990 zenye herufi W.W.J.D. (What Would Jesus Do?, yaani Yesu angetenda nini?) ni wajukuu wa kitabu hicho.

Je, wajua kwamba John Bunyan alikuwa fundi wa kuziba masufuria? Alifungwa gerezani Bedford, Uingereza, kwa miaka 12, kwa kosa la kuhubiri bila kibali. The Pilgrim's Progress ilitoka mwaka 1678 na imetafsiriwa kwa lugha zaidi ya 200, karibu 80 kati ya hizo zikiwa za Afrika, na Kiswahili kimo. Huko Madagaska, wakati Malkia Ranavalona wa Kwanza alipopiga marufuku Ukristo, waumini walikinakili kwa mkono na kukisoma mafichoni. Ninapowasikia watu wakisema riwaya ni starehe ya wenye nafasi, nawakumbuka Wamalagasi hao. Kukutwa na kitabu cha namna hiyo kungeweza kumgharimu mtu maisha, nao hawakukiacha.

Na hapa kwetu je? Je, wajua kwamba miongoni mwa vitabu vya mwanzo kabisa vya hadithi ndefu za nathari katika Kiswahili, kimojawapo kinatoka kwenye kijiji cha Kikristo cha watumwa waliokombolewa? Ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapwa na Sheldon Press mwaka 1934. (Jina hilo la Sheldon halihusiani na yule wa Topeka.) Mbotela alikuwa mtoto wa Frere Town, Mombasa, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa CMS (Church Missionary Society) katika miaka ya 1870. Anasimulia watu walivyotekwa bara, wakaswagwa hadi pwani, wakapakiwa majahazini, kisha wakaokolewa baharini na meli za Kiingereza na kuanza maisha mapya chini ya mlio wa kengele ya kanisa. Wahakiki wamemlaumu kwa kuwasifu mno Waingereza, na lawama hiyo ina uzito. Hata hivyo yeye ni mtoto wa waliokombolewa, na shukrani yake ni ya kweli. Ukitaka kujua riwaya ya imani inavyosikika ikitoka katika kinywa cha Kiswahili, anzia hapo.

Je, wajua kwamba Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971, imebeba jina la sifa mojawapo ya Bikira Maria katika litania? Kezilahabi alisoma seminari. Kitabu chake kilizuiwa mashuleni kwa muda kwa sababu kilitaja waziwazi mambo ambayo wazee waliona hayafai kusomwa na wasichana. Hakuna duka la vitabu vya dini litakaloiweka kwenye rafu ya riwaya za Kikristo. Lakini swali inalouliza, kuhusu malezi ya ukali na roho ya mtoto anayeyakimbia, ni swali ambalo kila familia ya kanisani ingepaswa kulijibu.

Twende haraka kidogo.

Je, wajua kwamba Lew Wallace, mwandishi wa Ben-Hur, alikuwa jenerali wa jeshi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani? Mwaka 1876, akiwa kwenye treni, alizungumza kwa saa nyingi na Robert Ingersoll, mtu mashuhuri kwa kuipinga dini. Akashuka akiona haya kwamba hakuijua imani yake mwenyewe, akaanza kujisomea. Alikimalizia kitabu akiwa gavana wa New Mexico, kikatoka mwaka 1880. Familia zilizokataza riwaya nyumbani ziliiruhusu hiyo moja.

Je, wajua kwamba Henryk Sienkiewicz wa Poland, aliyeandika Quo Vadis kuhusu Wakristo wa Roma chini ya Nero, alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1905?

Je, wajua kwamba Padri Brown, mpelelezi wa G. K. Chesterton, alichorwa kwa kumtazama padri halisi, John O'Connor, aliyehudumu jimbo la Yorkshire? Padri huyo mfupi mwenye mwavuli anawanasa wezi kwa sababu amewaungamisha watu wengi na anajua dhambi inavyoanza. Mwigizaji Alec Guinness alimwigiza mwaka 1954. Akiwa Ufaransa katika kazi hiyo, amevaa kanzu ya upadri, mtoto asiyemfahamu alimshika mkono akatembea naye bila hofu. Jambo hilo lilimgusa, na mwaka 1956 akapokewa katika Kanisa Katoliki. Kwa wapenzi wa hadithi za upelelezi, sina kitabu kingine ninachokipendekeza kwa moyo mweupe namna hii.

Je, wajua kwamba C. S. Lewis, kabla hajaamini, alinunua kitabu cha mchungaji wa Kiskoti, George MacDonald, kwenye kibanda cha stesheni ya treni? Ilikuwa mwaka 1916, na kitabu ni Phantastes cha mwaka 1858. Lewis alikiri baadaye kwamba kilianza kuibadilisha fikra yake zamani, kabla akili haijakubali. Mwaka 1931 mazungumzo ya usiku na rafiki yake J. R. R. Tolkien yakamsukuma hatua ya mwisho. Cha kushangaza, Tolkien huyohuyo hakuvipenda vitabu vya Lewis vya Narnia. Basi usijilaumu kama rafiki yako wa kanisani amekusifia kitabu nawe umekiweka chini baada ya kurasa chache.

Je, wajua kwamba The Screwtape Letters ya Lewis, barua 31 za shetani mkongwe akimfundisha mpwa wake kumpoteza mwanadamu, ilitoka kwanza kwenye gazeti la kanisa mwaka 1941, na malipo yake Lewis akayatoa sadaka? Au kwamba Lewis alikufa tarehe 22 Novemba 1963, siku ileile aliyouawa Rais Kennedy, hata magazeti yakakosa nafasi ya kumwomboleza?

Je, wajua kwamba wimbi la sasa la riwaya za Kikristo Marekani huhesabiwa kuanzia kwa mama wa Kanada? Janette Oke alitoa Love Comes Softly mwaka 1979: mjane kijana, mgane mwenye mtoto, nyumba ya mbao nyikani, na mapenzi yanayokuja taratibu baada ya ndoa. Wasomaji wake wakubwa walikuwa wanawake waliochoka na hadithi za mapenzi zilizojaa vitanda. Wachapishaji wa Kikristo wakajifunza: hakuna matusi, hakuna chumba cha kulala, na pombe iwe kwa uangalifu. Masharti hayo yalilindwa na wasomaji wenyewe, kwani hawakusita kulalamika waziwazi pale mwandishi alipoteleza.

Je, wajua kwamba Francine Rivers alikuwa akiandika hadithi za mapenzi za kawaida kabla ya kuokoka? Redeeming Love yake inachukua kisa cha nabii Hosea na mke asiye mwaminifu, na kukipeleka California ya miaka ya 1850, kwenye machimbo ya dhahabu. Ilitoka kwanza mwaka 1991 kwa wasomaji wa jumla, kisha ikahaririwa upya na kutolewa na mchapishaji wa Kikristo mwaka 1997. Mpaka leo wazazi wanabishana kama wasichana wadogo waisome. Ushauri wangu ni kwamba mama aisome kwanza, halafu wazungumze.

Je, wajua kwamba Frank Peretti alifanya kazi katika kiwanda cha kutengeneza skii, mbao za kutelezea thelujini, wakati This Present Darkness ilipotoka mwaka 1986? Mwaka wa kwanza haikununuliwa sana. Mwimbaji Amy Grant akaanza kuisifia jukwaani, na mauzo yakapaa. Malaika na mapepo wanapigania mji mdogo, na silaha ni maombi ya watu wachache. Aliyezoea mikesha ya maombi ya Afrika Mashariki hatajiona mgeni humo.

Mfululizo wa Left Behind wa Tim LaHaye na Jerry Jenkins ulianza mwaka 1995, ukafika vitabu 16 na nakala zaidi ya milioni 60. Una mbio nyingi, na wahusika wachache unaowakumbuka baada ya kufunga kitabu. Soma cha kwanza, kile cha abiria wanaotoweka ndani ya ndege. Ukikipenda utaendelea mwenyewe.

Je, wajua kwamba riwaya za mapenzi ya Waamishi, jamii ya Wakristo wa Marekani wanaosafiri kwa mikokoteni ya farasi, kwa sehemu kubwa huandikwa na watu wasio Waamishi? The Shunning ya Beverly Lewis, mwaka 1997, ndiyo iliyofungua mlango.

Nimeacha mwisho viwili ninavyovipenda kuliko vyote. Cha kwanza ni Silence ya Shusaku Endo, Mkatoliki wa Japani, ya mwaka 1966. Padri Mjesuiti kutoka Ureno anaingia Japani ya karne ya 17, wakati Wakristo wanawindwa. Anaamriwa akanyage sanamu ya Kristo, na asipofanya hivyo wanateswa wanakijiji, si yeye. Kilipotoka, baadhi ya Wakatoliki wa Japani walikikasirikia. Mwaka 2016 mwongozaji Martin Scorsese akakitengenezea filamu. Hakikupi jibu la kukutuliza. Kinakuacha na swali ambalo huwezi kumwomba mtu mwingine akujibie.

Cha pili si riwaya bali ni kitabu cha hadithi fupi, Say You're One of Them cha mwaka 2008, kilichoandikwa na Uwem Akpan wa Nigeria akiwa padri Mjesuiti. Alisoma teolojia Nairobi, na hadithi mojawapo ni ya familia ya mitaani Nairobi inayosubiri Krismasi. Nyingine ni ya Rwanda mwaka 1994, katika nyumba ambayo baba na mama ni wa makabila tofauti. Zote zinaonwa kwa macho ya watoto. Hakuna mahubiri humo, ila hukimalizi kitabu hicho bila kuomba.

Ingia leo katika duka la vitabu vya dini, Dodoma au Nairobi, utakuta maombi, ndoa, uchumi wa Kibiblia, vitabu vya nyimbo. Uliza riwaya ya Kiswahili. Ukiambiwa haipo, uliza tena mwezi ujao, na mtume mwenzako wa kwaya naye akaulize, kwa sababu mwenye duka huagiza kile anachoulizwa. Na wewe mwenye mswada wako nyumbani, wa mwinjilisti wa kijijini au wa mama mlokole na mwanawe aliyepotea mjini, upeleke kwa mchapishaji mwaka huu.