Diski ya Kipakatalishi Chembamba: Tazama Tundu, Kisha Betri

Vipakatalishi vyembamba unavyoviona kwenye saiba na ofisi za Kehancha vingi vimepitia mikono mingine. Ni HP EliteBook, Lenovo ThinkPad na Dell Latitude zilizofanya kazi ofisini Ulaya miaka mitatu minne, zikapanguswa, zikauzwa Nairobi kwa jina la "ex-UK", kisha zikapakiwa kwenye basi la usiku kuelekea Migori. Ni mashine ngumu. Kibodi inadumu, kioo kinadumu, prosesa inadumu. Vinavyochoka mapema ni viwili, diski na betri, na mtu anapoamua kuifufua mashine yake huulizia SSD pekee. Betri haitaji kabisa. Nitaeleza kwa nini hilo linamgharimu, lakini kwanza tuiweke diski yenyewe mezani.

Diski ya kizamani ina sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, na mkono mwembamba unaotafuta data juu yake. Kila mkono unapohama hupoteza milisekunde kumi au zaidi. Muda huo ni mdogo, ila Windows inapowaka huomba maelfu ya faili ndogo zilizotawanyika kila pembe ya sahani, na hapo ndipo mteja wa KRA wiki ya mwisho ya Juni anaposimama kaunta akitazama viduara vikizunguka. SSD haina mkono wala sahani. Data imo ndani ya chipu za flashi, aina ya kumbukumbu iliyobuniwa na Fujio Masuoka wa Toshiba miaka ya 1980, na ombi moja hujibiwa chini ya sehemu ya kumi ya milisekunde. Halafu kuna barabara. Mwalimu anayefunika mashine bila kuizima, akaitia begini na kupanda bodaboda kwenye njia ya mawe, anakuwa amebeba mkono unaoelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele. SSD haijali mashimo.

Basi tuchukulie umeshaamua. Kabla ya kuuliza bei, jua mashine yako ina tundu gani, kwa sababu wembamba ndio uliowafanya watengenezaji kubadilisha matundu kila baada ya miaka michache. ThinkPad X240 ina nafasi ya diski ya inchi 2.5, lakini ya unene wa milimita 7. Ile ya milimita 9.5 haiingii hata ukiisukuma. Latitude E7240 hutumia kadi ndogo iitwayo mSATA, ambayo sasa ni adimu madukani. EliteBook 840 G3 ina bahati: ina nafasi ya inchi 2.5 na pia tundu la M.2, yaani ile kadi nyembamba kama kipande cha chingamu. ThinkPad T460s ina M.2 peke yake. MacBook Air za 2013 hadi 2017 zina kichomeko cha Apple chenyewe, hivyo kadi ya kawaida huhitaji adapta; kuanzia ile ya 2018, chipu zimelehemiwa kwenye bodi na hakuna cha kubadilisha. Vivyo hivyo kwa HP Stream na mashine nyingine za bei ya chini zenye eMMC ya GB 32 au 64. Anayekuahidi kukuwekea SSD ndani ya mashine ya namna hiyo, muulize ataichomeka wapi.

M.2 nayo ina mitego yake. Namba 2280 maana yake upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80; kuna pia 2242 na 2230, na kadi fupi kwenye tundu refu huhitaji kishikilio. Tazama meno ya kadi, maana ndiyo huonyesha njia inayotumia kuzungumza na bodi: SATA ya zamani au NVMe ya kasi. Yenye mikato miwili kwa kawaida ni ya SATA, yenye mkato mmoja, kwenye upande uitwao M, ni ya NVMe. Kadi ya SATA inaweza kuingia vizuri kwenye tundu la NVMe, skrubu ikakazwa, mashine ikawashwa, na BIOS isione kitu. Kinyume chake pia hutokea: mashine nyingi za 2013 na 2014 hazijui kuwaka kutoka NVMe. Kisha geuza kadi uone mgongo wake. Nyingine zina chipu pande zote mbili, na katika kipakatalishi chembamba kweli, chipu za chini hugusana na bodi, kadi ikapinda. Zile zinazouzwa zikiwa na kipande kinene cha alumini mgongoni ziache. Zilitengenezwa kwa kompyuta za mezani, na kifuniko chako hakitafunga. (Na mwambie fundi aitunze ile skrubu moja ndogo. Nimeona kadi nyingi mno zilizoshikiliwa na gundi ya karatasi.)

Kuhusu kasi sitasema mengi. SATA hufika MB 550 kwa sekunde, NVMe ya kizazi cha tatu MB 3,500, ya kizazi cha nne MB 7,000, na kadi ya kizazi cha nne ndani ya mashine ya kizazi cha tatu hukimbia kwa mwendo wa mashine. Tofauti hizo utaziona ukinakili video za harusi. Kwa eCitizen, alama za mitihani na barua za ofisi hutaziona, maana kule kungoja kwa mkono kumeshaondoka na SATA ya kawaida. Kadi ya kasi sana pia hula umeme zaidi na kupata joto, na ndani ya mwili mwembamba usio na upepo hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Ukikaa Homa Bay mjini, adhuhuri ya joto la ziwa, unalipia kasi usiyoipata.

Sasa betri.

Ndani ya SSD, data haikai mahali pamoja. Diski huihamisha kila mara ili chipu zichakae kwa usawa, na huweka ramani inayosema kila kipande kiko wapi, kama daftari la mtunza ghala anayehamisha magunia ya mahindi ya wakulima mia moja. Magunia yote yanaweza kuwa salama, lakini daftari likipotea hakuna awezaye kusema lipi ni la nani. Sehemu ya ramani hiyo huwa kwenye kumbukumbu ya muda wakati diski ikifanya kazi. Stima ikikatika ghafla katikati ya kuandika, diski inapowashwa tena lazima iijenge ramani upya. Zilizotengenezwa vizuri huweza. Za bei ya chini wakati mwingine hushindwa, na mwenyewe hukuta BIOS ikionyesha jina SATAFIRM S11 mahali palipokuwa na jina la diski yake. Ukiona jina hilo, faili zako kwa njia za kawaida hazifikiki tena.

Kuna baya zaidi, na halijulikani sana. Chipu za siku hizi huweka biti tatu au nne ndani ya seli moja, na biti hizo huandikwa kwa awamu. Umeme ukikatika wakati awamu ya mwisho inaandikwa, zile biti za awali ndani ya seli hiyo hiyo zinaweza kuharibika pia. Kwa hiyo faili uliyoihifadhi jana, ambayo leo hukuigusa, inaweza kuharibiwa na stima iliyopotea leo.

Kipakatalishi kilibuniwa kikiwa na dawa ya tatizo hili: betri. Usiku wa 25 Agosti 2023, karibu Kenya nzima ilipoingia gizani, aliyekuwa na betri nzima alimaliza sentensi yake, akahifadhi, akazima. Lakini ex-UK nyingi zina betri zilizokufa, kwa kuwa ziliishi maisha yao yote zikiwa zimechomekwa ukutani. Mashine ya namna hiyo haina tofauti na kompyuta ya mezani isiyo na UPS, na kila mara stima inapopotea Kehancha, SSD mpya hupigwa bila kinga.

Betri hupimwa kwa dakika moja. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na ufungue ripoti itakayoandikwa. Linganisha uwezo ambao betri iliundiwa na uwezo wake wa sasa ikijaa. Ikiwa umebaki chini ya theluthi, usiitegemee. Ukipenda jaribio la mkono, ingia kwenye BIOS, ambapo hakuna kinachoandikwa kwenye diski, kisha uchomoe chaja. Ikizimika hapo hapo, umejibiwa. X240 na ndugu zake zina betri mbili, moja ndani na moja nje, hivyo zipime zote mbili. Muuzaji huonyesha ile nzima.

Maoni yangu, basi, ni haya. Pesa ambazo ungezidisha kutoka SATA ya wastani hadi NVMe ya kasi, zitie kwenye betri. Kama betri ya modeli yako haipatikani, tafuta diski ya inchi 2.5 iliyotoka kwenye seva, kwa mfano Intel DC S3500: ndani yake kuna kapasita zinazoishikilia diski hai kwa muda mfupi unaotosha kuandika ramani. Ni mtumba, ndiyo, lakini ilijengewa shida hii hasa.

Ukubwa: GB 256 inatosha kazi za ofisi, GB 512 ni bora kwa anayeshika picha. Usiijaze. Diski nyingi huandika haraka kwenye eneo maalumu, na eneo hilo hupungua kadiri nafasi inavyoisha. Za QLC, zenye biti nne kwa seli, zikishaishiwa eneo hilo zinaweza kushuka chini ya MB 100 kwa sekunde, mwendo wa diski ya sahani. Chagua TLC, zenye biti tatu kwa seli, ukiweza. Uchakavu wa chipu usikutie hofu: Kingston A400 ya GB 240, diski ya kawaida kabisa, imekadiriwa kuandikwa TB 80, na anayeandika GB 20 kila siku atachukua karibu miaka kumi na moja kuzifikia. Mashine yako huenda isifike huko. Windows 10 iliachiwa mkono na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na 840 G3 kwa prosesa yake ya kizazi cha sita haikubaliki rasmi kwenye Windows 11. Kwa mashine kama hiyo, SSD pamoja na Ubuntu au Linux Mint ni matumizi mazuri ya pesa kidogo.

Usigombane na muuzaji kwa kuona GB 238 kwenye diski ya 256. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu, Windows kwa 1,024. Gombana naye kwa TB 2 iliyouzwa kwa bei ya GB 128. Ndani ya kasha la namna hiyo aghalabu mna kadi ndogo ya simu, iliyofundishwa kudanganya ukubwa wake. Programu ya H2testw, au F3 kwa wa Linux, huijaza diski yote na kuisoma tena, na uongo huonekana. CrystalDiskInfo nayo hukuonyesha saa ambazo diski imewashwa. "Mpya" yenye saa elfu tatu si mpya.

Ile diski ya sahani iliyotolewa usimwachie fundi. Kama mashine ilikuwa ya saiba, ina nakala za vitambulisho vya nusu ya mtaa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhesabu wewe kuwa mwenye wajibu nazo. Kuifomati haraka hakufuti data yenyewe. Diski hiyo bado ina kazi, tena nzuri. SSD iliyochakaa na kukaa bila umeme huweza kuanza kupoteza data baada ya mwaka hivi, ilhali sahani hukaa miaka kabatini. Nunua kasha la USB la inchi 2.5, itie humo, nakili kazi zako kila Ijumaa, kisha uichomoe. Ikibaki imechomekwa, stima itakayoiangusha SSD itaiangusha nayo.