Kabla hujalipia mkanda wa kijani

Kuna swali ambalo wateja wetu wenye maduka na mawakala hutuuliza mara kwa mara: "Nimeona tangazo la kozi ya Six Sigma. Wanasema nikituma ada leo nitapata punguzo. Nitume?" Wengine hutuuliza wakiwa tayari wametuma. Hapo huwa tumechelewa. Pesa uliyotuma kwa hiari yako, kwa nambari uliyoikusudia, si muamala uliokosewa, na hatuwezi tu kuitoa kwa aliyeipokea eti kwa sababu kozi haikukufurahisha.

Kwa hivyo leo tuongee kuhusu kile unachonunua. Hatusemi mafunzo haya hayana maana. Yana maana sana, hata kwa duka la watu wawili. Shida ni kwamba matangazo mengi yanauza cheti, na kazi yenyewe inatajwa mwishoni, kama inatajwa.

Six Sigma ilianzia Marekani kwenye kampuni ya Motorola mwaka wa 1986, na mhandisi Bill Smith ndiye anayetajwa kama mwanzilishi wake. Sigma ni herufi ya Kigiriki ambayo watu wa takwimu huitumia kupima vile matokeo yanavyotawanyika, yaani kazi ya leo inatofautiana kiasi gani na ya jana. Lengo la njia hii ni kufika mahali ambapo makosa hayazidi 3.4 katika nafasi milioni moja za kukosea.

Hiyo ni kidogo kiasi gani? Tuchukue wakala anayehudumia watu 80 kwa siku, siku 365. Kwa mwaka ni miamala 29,200. Akifikia kiwango hicho, atakosea mara moja katika miaka kumi hivi. Sasa linganisha na mtu anayejisifu kwamba yuko sawa kwa asilimia 99. Kwa watu 80 kwa siku, huyo anakosea karibu mara 24 kila mwezi. Asilimia 99 inasikika vizuri mpaka uwe wewe ndiye unafidia hizo 24 kutoka mfukoni.

Kuna jamaa wengine wa familia hiyo. Kaizen ni neno la Kijapani la kuboresha kidogo kidogo, kila siku, na kila mtu akihusika, hata yule anayefagia. Lean ni jina ambalo watafiti wa Marekani waliipa namna Toyota ilivyofanya kazi: kuondoa kila kitu ambacho mteja hangekubali kukilipia, kama vile kusubiri, kutembea bure na kurudia kazi. Halafu kuna ISO 9001, ambayo watu huichanganya sana na hizi nyingine. Hicho ni kiwango cha kimataifa cha mfumo wa kusimamia ubora, na kinachopewa cheti ni kampuni au taasisi. Wewe binafsi unaweza kufundishwa kukagua kwa kutumia kiwango hicho, lakini mtu akikuambia atakufanya "uwe na ISO" kwa wikendi moja, muulize anamaanisha nini.

Mikanda imekopwa kwa michezo kama karate na judo. Wa njano ni wa kuelewa lugha na kusaidia. Wa kijani ni wa mtu anayeongoza mradi mdogo huku akiendelea na kazi yake ya kawaida. Mweusi ni wa mtu ambaye kuboresha ndiyo kazi yenyewe, na hapo takwimu zinakuwa nzito. Jambo ambalo wengi hawajui ni kwamba hakuna ofisi moja duniani inayomiliki mikanda hii. Mtu yeyote mwenye printa anaweza kukutolea cheti. Ndiyo maana inafaa ujue wakali wanadai nini. ASQ, chama cha ubora cha Marekani kilichoanzishwa mwaka wa 1946, kwa mkanda wa kijani hutaka uwe umefanya kazi miaka mitatu katika mambo yanayohusiana, na kwa mweusi hutaka pia uthibitisho kwamba umekamilisha mradi wa kweli. Kisha unafanya mtihani. Ukiweka hayo kando ya tangazo la "mkanda mweusi kwa siku mbili, cheti papo hapo", tofauti unaiona mwenyewe.

Ndani ya darasa, uti wa mgongo ni hatua tano: bainisha tatizo, pima, chunguza chanzo, boresha, kisha dhibiti ili tatizo lisirudi. Zinasikika kama mambo ya kawaida, na kwa kweli ni ya kawaida. Lakini wengi wetu tunaruka kutoka ya kwanza hadi ya nne. Tunaona tatizo, tunatoa dawa. Hatupimi.

Tuonyeshe kwa mfano tuliotunga kutokana na aina ya malalamiko tunayoyasikia. Dada mmoja ana duka la vyakula, na ndani yake kuna uwakala anaoendesha kijana aliyeajiriwa. Jioni wakifunga hesabu, floti na pesa taslimu zikijumlishwa hazifiki kiasi walichoanza nacho.

"Mama, nimehesabu mara mbili."

"Basi imeenda wapi?"

Mwezi uliopita alimkata kijana mshahara. Mwezi huu ameshaanza kuulizia mtu mwingine kwa majirani. Hiyo ndiyo dawa bila kipimo, na hapa kuna mtu anakaribia kupoteza kazi.

Tuseme kabla ya kumfukuza anakubali kupima kwa wiki mbili. Kila jioni wanaandika vitu vitatu kwa daftari: siku, pesa iliyopungua, na ni nani alikuwa kwenye kaunta. Kando wanaweka taarifa ya miamala ya nambari ya uwakala, ile ambayo mteja wetu yeyote anaweza kuiomba kwa simu. Baada ya siku 14, pesa imepungua siku sita, kati ya shilingi 400 na 600 kila mara. Taarifa haina kosa, kila kuweka na kutoa kuko sawa. Lakini zile siku sita zote ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Wizi ungekuwa na ratiba hivyo? Labda. Lakini kuna mtu mwingine mwenye ratiba kama hiyo hiyo: wa mkate.

Hapa ndipo yale maswali ya "kwa nini" mara tano, yaliyokuzwa Toyota, yanafanya kazi. Kwa nini pesa ya uwakala inapungua siku za mkate? Kwa sababu wa mkate analipwa kutoka droo ya uwakala. Kwa nini droo hiyo? Kwa sababu ya duka haina kitu asubuhi. Kwa nini haina kitu? Kwa sababu mauzo yote ya jana yameshapelekwa kununua floti. Kwa nini yote? Kwa sababu hakuna kiasi kilichokubaliwa kwamba lazima kibaki. Na kwa nini hakuna? Kwa sababu wakati duka lilikuwa la mtu mmoja, droo moja ilitosha, na hakuna aliyebadilisha mpango uwakala ulipoongezwa. Mara tano si amri. Ungefika kwa nne, simama hapo. La muhimu ni kwamba jibu la mwisho liwe kitu unachoweza kubadilisha. Ukiishia kwa "kijana ni mzembe", umesimama mapema.

Dawa inakuwa rahisi: shilingi 2,000 zinabaki kwenye droo ya duka kila usiku, na wa mkate analipwa kutoka nambari ya malipo ya duka, ili hata mtu akisahau kuandika, taarifa ikumbuke. Kudhibiti ni kuendelea na lile daftari mwezi mmoja zaidi. Hatua hii ndiyo watu huiacha, na tatizo hurudi na jina jipya. Ile pesa aliyokatwa kijana nayo irudishwe, ingawa hilo halimo kwenye kitabu cha Six Sigma.

Sisi wenyewe hatujiweki juu ya jambo hili. Kuna wakati fomu yetu ya malalamiko ilikuwa na kisanduku cha "mengineyo", na ndicho kilichojaa kuliko vyote. Tulikuwa tunapima, lakini tunapima ovyo.

Sasa rudi kwa swali la ada. Kama una duka au uwakala, maoni yetu ni kwamba mkanda mweusi ni pesa nyingi kwa kazi ambayo hutaifanya. Fundisho la siku moja au mbili la Kaizen, au mkanda wa njano, linatosha, na unaweza kuanza na daftari hata kabla ya hapo. Kama umeajiriwa kiwandani, hospitalini, kwenye kituo cha simu au benki, mkanda wa kijani unaweza kukufaa kweli, hasa mwajiri akikupa mradi wa kuufanyia kazi. Kwa mambo ya ISO 9001, Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lina chuo chake kinachofundisha.

Na usikimbilie mfuko wako kwanza. Waajiri hulipa tozo ya mafunzo ya viwanda, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na wanaweza kuomba NITA iwarudishie gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa, mradi mkufunzi awe amesajiliwa nayo. Ombi hupelekwa kabla ya kozi kuanza, kwa hivyo ongea na ofisi ya wafanyakazi mapema.

Ukiamua kulipa, muulize mwenye kozi mambo haya kwa maandishi: cheti kinatolewa na nani, kuna mtihani, kuna mradi, na nikijitoa kabla ya kuanza ada inarudi kiasi gani? Uliza pia nambari yake ya usajili, uiulizie NITA wewe mwenyewe. Kisha, unapolipa, soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka PIN. Kama tangazo lilikuwa la chuo na jina ni la mtu binafsi, sitisha hapo, upige simu ofisini kwao kwa nambari uliyoitafuta wewe, si ile iliyo kwenye tangazo.