Kuziba Ndoo Inayovuja

Ndoo ya plastiki huanza kuvuja kwa ufa, na ya bati kwa kutu. Tofauti hiyo ndiyo huamua namna ya kuiziba, kwa kuwa kinachoshika bati mara nyingi hakishiki plastiki. Mkumbara, wilayani Korogwe, kwenye tambarare yenye joto chini ya Milima ya Usambara, plastiki hudhuriwa zaidi na jua. Miale yake hukata minyororo ya molekuli, plastiki ikakakamaa, kisha ndoo iliyojaa ikituliwa kwa kishindo juu ya jiwe hupasuka kwenye pindo la kitako.

Hata tundu dogo lina hasara. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Mililita moja ni kama matone 20, hivyo hupotea zaidi ya lita 4, karibu sehemu ya tano ya ndoo ya lita 20. Ni maji mengi kwa nyumba inayoyachota mbali.

Penye tundu hutafutwa kwa kukausha ndoo nje, kuipaka majivu na kuijaza maji. Majivu huanza kulowana panapovuja, na hapo huwekwa alama ya mkaa.

Gundi ya dukani huwavunja watu moyo, nao hulaumu gundi. Kumbe shida iko kwenye plastiki yenyewe: aina zinazotengenezewa ndoo na madumu zina uso ambao gundi nyingi haziushiki, na kiraka hubanduka kikiwa kizima baada ya siku chache. Njia inayofaa zaidi ni kuunganisha kwa moto, kwa kipande cha plastiki ya aina ileile. Chini ya ndoo kwa kawaida huwa na pembetatu yenye namba. Namba 2 huyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi za Selsiasi, namba 5 kwenye 160 hivi, na hizo mbili haziungani. Ndoo ya namba 2 basi huzibwa kwa kipande cha dumu bovu lenye namba hiyohiyo.

Kwanza kila ncha ya ufa hutobolewa tundu dogo kwa msumari wa moto, ili ufa usiendelee kukimbia. Wengi huiruka hatua hii, na ufa hutokea tena pembeni ya kiraka. Kisha kisu kikuukuu hupashwa kwenye jiko la mkaa. Kingo za ufa na kiraka huyeyushwa pamoja, halafu hukandamizwa hadi vipoe. Plastiki ikitoa moshi, chuma kimezidi moto: itaungua badala ya kuungana, na moshi huo si wa kuvuta. Kazi hii ni ya nje ya nyumba. Kiraka hukaa ndani ya ndoo, kwa sababu huko maji hukisukuma kikabana. Kikiwa nje, maji yaleyale hukibandua.

Tundu la mviringo halihitaji moto. Vipande viwili vya mpira wa tyubu ya baiskeli, kimoja ndani na kingine nje, pamoja na washa, hubanwa kwa bolti na nati.

Ndoo ya bati husuguliwa kutu kwa msasa hadi chuma king'ae, kisha hulehemiwa. Waya wa kulehemu wa zamani una risasi, ambayo ni sumu. Ndoo ya maji ya kunywa inataka waya usio na risasi, na fundi bati aulizwe kabla hajaanza. Lami huziba vizuri, lakini iachiwe ndoo za ujenzi.

Baada ya matengenezo, ndoo hujazwa na kulazwa usiku mzima juu ya boksi kavu. Boksi likilowa, kazi hurudiwa. Ndoo inayotoa nyufa mpya kwa kubonyezwa na kidole tu haizibiki tena: huongezewa matundu kwenye kitako, ikajazwa udongo na kupandwa mchicha.