Kabla hujauza bangili umpeleke mtoto kujitolea shamba la ng'ambo

Juma hili naomba nipumzike kidogo na mambo ya kaunti na bandari. Kuna swali nimeulizwa na wazazi kadhaa, na aliyeanza kuniuliza alikuwa dada yangu mwenyewe: hii habari ya vijana wetu kwenda ng'ambo kujitolea mashambani, wakaishi huko miezi miwili mitatu, ni kitu cha kweli ama ni mtego mwingine?

Kitu chenyewe ni cha kweli. Mitego nayo imekizunguka pande zote.

Dada alinipigia simu mwaka jana mwezi wa Julai, baada ya isha, akataka asubuhi yake nimsindikize kwa sonara. Bintiye ana miaka 23, ana cheti cha kilimo na hana kazi. Mtandaoni alikuwa amepata wakala anayepeleka vijana kwenye shamba moja la nchi za joto huko Asia. Picha zilikuwa nzuri kweli: minazi, mto, vijana wa mataifa yote wakicheka na majembe mkononi. Kulala bure, kula bure. Ada ya wakala shilingi 85,000, nauli mbali. Za kulipa ada hiyo zilikuwa bangili mbili za dhahabu alizoziacha marehemu mama.

Nikamwomba dada anipe siku mbili nisome kwanza.

Mpango unaojulikana zaidi wa namna hii unaitwa WWOOF. Ulianza Uingereza mwaka 1971, pale Sue Coppard, aliyekuwa sekretari London na hana njia ya kutoka mjini, alipopanga watu wachache waende wikendi moja kusaidia kazi kwenye shamba la Chuo cha Emerson, Sussex. Ilikuwa wikendi tu. Leo mpango huo una mashamba katika nchi zaidi ya 100, Kenya ikiwemo. Masharti yake ni mepesi. Mgeni anafanya kazi nusu siku, kwa kawaida saa nne hadi sita, na mwenyeji anampa kitanda, chakula na kumfundisha kazi. Hakuna pesa inayopita kati ya mgeni na mwenyeji. Unalipa ada ndogo ya uanachama ya mwaka ili uione orodha ya mashamba na uandikiane na wenyeji. Nauli, bima na viza ni juu yako. Iko mipango mingine inayofanana na huo, na masharti hayatofautiani sana.

Sasa ukishajua hivyo, swali linajileta lenyewe: zile 85,000 ni za nini? Mpwa wangu alimuuliza wakala. Akajibiwa kwamba ni za "kushughulikia". Tulimuuliza pia jina la shamba na namba ya mwenyeji ili tuongee naye. Akasema hayo hutolewa baada ya kulipa.

Viza ndiyo inayowaumiza wengi. Watu hufikiri kwa kuwa hulipwi, basi hufanyi kazi, na kwa hiyo viza ya matembezi inatosha. Sheria za nchi nyingi hazioni hivyo. New Zealand inahesabu chakula na malazi unayopewa kuwa ni malipo, na inakutaka uwe na viza ya kazi. Uingereza inamruhusu mgeni wa matembezi kujitolea kwa siku zisizozidi 30, tena kwa shirika la hisani lililosajiliwa. Shamba la mtu halimo. Na sisi hatuko tofauti: mgeni akija Kenya kufanya kazi, hata iwe ya bure, anatakiwa awe na kibali cha Idara ya Uhamiaji, si ruhusa ya utalii. Wakala wetu alimwambia mtoto, "Wewe ingia kama mtalii, ukifika huko hakuna anayeuliza." Huo ndio mlango wenyewe wa mateso. Kijana akishaingia kwa njia hiyo, mwenyeji akimfanyisha kazi saa kumi na mbili au akimnyang'anya pasipoti, atakwenda kushtaki wapi na yeye mwenyewe ndiye mkosaji wa kwanza?

Ikiwa kinachotafutwa ni mshahara, hiyo ni habari nyingine na isiitwe kujitolea. Mawakala wa ajira za nje wanasajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na orodha yao mtu anaweza kuitazama. Huyu wetu hakuwemo.

Nilipomweleza dada haya yote alinyamaza, kisha akasema neno lililonichoma: "Kaka, wewe una diploma na mshahara. Huyu mtoto afanye nini?" Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni rafiki niliyesoma naye chuoni, Mkamba wa Kyuso, ambaye kwa miaka ananialika kwao nami natoa visingizio. Nikamwambia dada bangili zikae kabatini. Nitamchukua mtoto wiki tatu akaishi shambani na kufanya kazi kwa masharti yale yale ya kitanda na chakula, ajue kama hayo ndiyo maisha anayoyatafuta. Na mimi nitakwenda naye, maana haifai msichana kwenda peke yake kwa watu asiowajua.

Kwa sisi wa Pwani, Kyuso ni ng'ambo pia, ila haina viza. Tulipanda basi Mombasa hadi Kibwezi, tukashika barabara ya lami ya Mutomo hadi Kitui, tukalala. Siku ya pili tukafika Mwingi, na kutoka hapo tukaelekea kaskazini hadi Kyuso. Nchi ni kavu, mibuyu imesimama kama ile ya Kilifi, na mizinga ya magogo imetundikwa mitini, kwani asali ya Mwingi ina jina lake. Watu wanalima ndengu, kunde, mbaazi, mtama na mawele, na wanafuga mbuzi.

Tulifika Agosti. Shambani hapakuwa na jani. Hapa pana jambo ambalo picha za mawakala hazisemi. Sisi Pwani tunategemea masika. Kule mvua ya kuaminika ni ya vuli, Oktoba hadi Disemba. Wazungu huja kujitolea Julai na Agosti kwa sababu ndiyo likizo yao, na ndio wakati ambao shamba la Kyuso halina cha kupanda wala kuvuna. Kwa jirani tulimkuta kijana Mholanzi aliyekuwa na siku ya nne. Alikuja kupanda, akaonyeshwa vumbi. Maskini ya Mungu, alikuwa amebeba mbegu za nyanya.

Kazi ya kiangazi ni mawe. Wakamba wana utaratibu wanaouita mwethya, ujima wa kikundi: leo tunachimba matuta kwako, kesho kwangu, na yaliyo ya wote tunayafanya pamoja. Si jambo la kufanya ukipenda. Lipo daftari la mahudhurio, na asiyefika bila sababu anatozwa faini. Wengi wao ni wanawake, na wengi wamenizidi umri.

Kikundi cha mwenyeji wetu kilikuwa kinajenga bwawa la mchanga. Nilipolisikia jina nilidhani wanatania. Mto wa huko hupita maji siku chache tu za mwaka, kisha unabaki mchanga mtupu. Basi wanajenga ukuta wa mawe na saruji kukatiza mto, mahali ambapo mwamba uko karibu. Mafuriko yakija huleta mchanga mwingi. Ule mzito unatua nyuma ya ukuta, na tope jepesi linapita juu na kwenda zake. Baada ya msimu mmoja hadi minne hivi, bwawa limejaa mchanga hadi juu. Ukilitazama utasema limeharibika. Kumbe katikati ya chembe za mchanga mmejaa maji, kati ya robo na asilimia 40 ya ujazo wote, na ukishapita kina cha nusu mita hivi jua haliyafikii tena. Mbu hawazai humo, na mchanga wenyewe unachuja. Watu wa Lamu hawatashangaa. Maji matamu ya mji wao yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela.

Kazi iko kwenye msingi. Ukuta ukikaa juu ya udongo badala ya mwamba, maji yatapita chini yake. Mabawa yake yakiwa mafupi, mto utazunguka na kukuachia ukuta umesimama nchi kavu. Haya si maarifa ya kuletwa na mgeni. Joshua Mukusya na wenzake kule Utooni, Machakos, walianza kujenga mabwawa ya namna hii mwaka 1978, na kuanzia miaka ya 1990 shirika la SASOL limesaidia vikundi vya Kitui kujenga mamia.

Na mimi na diploma yangu nilifanya nini? Nilipokezana mawe. Tulipanga mstari kutoka kilimani hadi mtoni, jiwe likapita mkono hadi mkono. Kufikia saa nne viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, na bibi mmoja aliyesimama baada yangu alikuwa akinyoosha mikono kungoja jiwe kutoka kwangu, kila mara. Hakusema kitu. Mpwa wangu alikuwa hodari kunishinda, siku ya tatu akapelekwa kwenye kuchanganya zege. Jioni tulichimba matuta ya "fanya juu", yale ya kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa mlimani ili mvua isikimbie na shamba.

Lakini lililonifundisha si mawe. Siku ya kwanza, nikiwa nimejaa vumbi la safari, nilioga ndoo nzima, na nikatia udhu kama niko nyumbani, maji yanamwagika. Adhuhuri, alasiri, magharibi. Mama wa boma alinijazia kopo kila nilipoomba, na akaniuliza kwa upole, "Mgeni, yametosha?" Asubuhi ya pili nikaona punda anarudi kisimani mara ya pili. Punda anabeba mitungi minne. Kwenda na kurudi ni saa tatu, foleni ikiwa fupi. Anayemswaga ni mjukuu wa darasa la sita, na siku ile alichelewa shule kwa sababu yangu.

Sikulala vizuri. Mtume (SAW) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, ambayo haifiki hata lita. Hadithi hiyo naijua tangu madrasa, na sikuwahi kuipima kwa kopo. Tangu siku ile nilitumia kikombe kimoja cha chai na kikatosha, na mpwa wangu na mimi tukawa sisi ndio tunaoondoka na punda alfajiri baada ya swala.

Hiyo ndiyo hesabu ambayo kijana anayetaka kwenda kujitolea popote duniani aifanye kabla ya kufunga begi. Mgeni anakula, anakunywa, anaoga, na lazima mtu amfundishe kushika jembe. Wiki ya kwanza yeye ni mzigo. Wa siku kumi huondoka akiwa ameanza tu kulipa deni. Ndiyo maana mwenyeji mwenye shamba la kweli atakuuliza unajua kufanya nini, utakaa kwa muda gani, na atakwambia uje msimu fulani na usije msimu mwingine. Anayekupokea wakati wowote, kwa muda wowote, mradi umelipa, huyo anauza likizo. Kuuza likizo si haramu, lakini isilipiwe kwa bangili za marehemu. Yule Mholanzi, kwa haki yake, alihesabu mwenyewe. Aliacha habari za nyanya, akaongeza wiki mbili, na siku tuliyoondoka alikuwa bado kwenye mstari wa mawe.

Ya chakula na dini, ambayo kina mama wameniuliza sana: tulikula muthokoi na kunde karibu kila siku, na nimeupenda. Siku waliyotaka kutuchinjia jogoo, mzee wa boma aliniletea kisu yeye mwenyewe bila kuambiwa, akasema anajua watu wa Pwani. Kijana akienda nchi ya mbali aandike mambo haya mapema kwa mwenyeji. Jibu atakalopata litamwonyesha anakwenda kwa watu wa aina gani.

Mpwa wangu hajaacha kutaka kwenda Asia, na sikumkataza. Sasa anaandikiana mwenyewe na mashamba mawili, bila wakala, na viza anaulizia ubalozini. Dada alininunia hadi mfungo wa Ramadhani ulipoanza. Katikati ya Novemba mtoto alinitumia picha aliyotumiwa kutoka Kyuso: mto umefurika usiku, asubuhi maji yamekwisha pita, ukuta umesimama, na nyuma yake mchanga mpya umefika kiasi cha magoti ya yule mjukuu wa punda. Chini ya picha akaandika, "Mjomba, nina nauli ya kwenda tu. Ya kurudi utanisaidia? Wanapalilia ndengu."