Damu Ikitoa Ushuhuda: Tuelewe Vipimo vya Kingamwili kwa Watu na Mifugo



Wapendwa waamini, mfugaji wa Manyoni anayeombwa damu ya mbuzi wake na mama anayeombwa tone la damu la kidole chake hujiuliza swali moja: damu hii inakwenda kusema nini? Wapo wanaokataa kwa hofu kwamba mifugo yao itachukuliwa au kwamba jina lao litatangazwa kijijini. Wapo pia wanaokubali bila kuuliza lolote, kisha wakipewa majibu wanayaelewa kinyume. Hofu ya wale wa kwanza na ukimya wa hawa wa pili hutokana na kutofahamu. Makala hii inakusudia kueleza kwa ufupi jinsi vipimo hivyo vinavyofanya kazi, mambo ambayo vimelifunulia taifa letu, mipaka yake, na namna Mkristo anavyopaswa kuvipokea.

Kumbukumbu iliyomo ndani ya damu

Mwenyezi Mungu ameujalia mwili wa mwanadamu na wa mnyama uwezo wa kujilinda. Kirusi au bakteria akiingia mwilini, mwili hutengeneza chembe za ulinzi ziitwazo kingamwili. Kila aina ya kingamwili hulenga adui wake mahususi, kama ufunguo unavyofungua kufuli lake tu. Baadhi ya kingamwili hutokea mapema, siku chache baada ya ugonjwa kuingia, na kutoweka baada ya wiki au miezi michache. Nyingine huchelewa kidogo, lakini hudumu kwa miaka mingi. Hivyo damu hutunza kumbukumbu: hata mgonjwa akishapona na kusahau, damu yake bado inaweza kushuhudia kwamba adui fulani aliwahi kupita.

Wataalamu hutumia tabia hiyo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuchukua kipande cha kirusi, kukigandisha kwenye kisahani cha plastiki, kisha kudondoshea juu yake majimaji ya damu. Kama kingamwili za kirusi hicho zimo, zitanasa. Njia ya pili ni kugandisha kingamwili zenyewe ili zimnase adui, au kitu anachokitoa, moja kwa moja kutoka katika damu. Kwa kuwa macho hayawezi kuona kilichonaswa, hufungamanishwa nacho kimeng'enya ambacho, kikikutana na dawa maalumu, hubadilisha rangi ya maji. Mashine husoma ukali wa rangi hiyo. Kipimo hiki huitwa ELISA, na kisahani chake cha kawaida kina vishimo 96, hivyo sampuli nyingi hupimwa kwa pamoja.

Msingi wa kazi hii uliwekwa huko Marekani na Rosalyn Yalow pamoja na Solomon Berson, waliotumia kingamwili na mionzi kupima kiasi kidogo mno cha insulini katika damu. Berson alifariki dunia mwaka 1972, naye Yalow akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Mwaka 1971, Eva Engvall na Peter Perlmann wa Stockholm, nchini Sweden, walichapisha njia inayotumia kimeng'enya mahali pa mionzi. Kwa hatua hiyo, upimaji ukawa salama na nafuu zaidi, ukaweza kufika hata katika maabara za nchi zetu. Vipimo vya haraka tunavyoviona zahanati, vile vya malaria, vya Virusi vya UKIMWI na vya ujauzito, vina asili hiyo hiyo: mstari mmoja huonesha kwamba kipimo ni kizima, na mwingine hutokea pale kinachotafutwa kinapopatikana.

Homa iliyotoka bondeni

Sisi wa Manyoni tunaishi ukingoni mwa Bonde la Ufa. Anayesafiri kwa reli kutoka Bahi huona jinsi ardhi inavyopanda kuelekea Saranda. Bonde hili ndilo lililoupa jina ugonjwa uitwao homa ya Bonde la Ufa, ambao wanasayansi waliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1931, baada ya kondoo kutupa mimba na wana-kondoo kufa kwa wingi karibu na Ziwa Naivasha, nchini Kenya. Kirusi chake huenezwa na mbu. Mayai ya baadhi ya mbu hao yanaweza kukaa ardhini katika ukame kwa muda mrefu, na mvua kubwa zikifurika mabondeni huanguliwa. Binadamu huambukizwa kwa kuumwa na mbu, lakini mara nyingi zaidi kwa kugusa damu, nyama mbichi au vijusi vya wanyama wagonjwa.

Baada ya mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2006, ugonjwa huu ulilipuka Kenya, na mapema mwaka 2007 ukaingia Tanzania. Mikoa kumi iliripoti wagonjwa, na majirani zetu wa Dodoma walikuwa miongoni mwa walioumia sana. Watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Minada ilifungwa, bei ya nyama ikaanguka, na familia zilizotegemea kuuza mbuzi mmoja ili kulipa ada ya shule zikabaki mikono mitupu. Kisha mvua zikapungua, wagonjwa wakaisha, na wengi wakadhani kwamba kirusi nacho kimekwisha.

Hapo ndipo ushuhuda wa damu ulipohitajika. Watafiti wa Kitanzania walikwenda katika Bonde la Mto Kilombero na kupima damu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, kisha wakawatenganisha wanyama kwa umri. Hoja yao ilikuwa nyepesi: mnyama aliyekuwepo mwaka 2007 anaweza kuwa na kingamwili za mlipuko ule, lakini aliyezaliwa baada ya mlipuko, asiyewahi kuchanjwa, hana mahali pa kuzipata isipokuwa kirusi kingali kinazunguka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionesha kwamba takriban mnyama mmoja kati ya ishirini wa wale wadogo alikuwa na kingamwili hizo. Maana yake, ugonjwa ulikuwa ukiendelea kimyakimya, bila mlipuko na bila habari redioni. Ugunduzi huo ulipatikana kutokana na wafugaji waliokubali mifugo yao itolewe damu.

Jinsi sotoka ilivyotokomezwa

Wazee wetu walirithishwa simulizi za sotoka, tauni ya ng'ombe iliyofyeka mifugo ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 na kuleta njaa kubwa. Mwaka 2011 ulimwengu ulitangaziwa kwamba sotoka imetokomezwa. Ni ugonjwa wa pili kutokomezwa duniani, baada ya ndui.

Chanjo ndiyo iliyofanya kazi kubwa, lakini ni nani angethibitisha kwamba kirusi hakikujificha katika kundi fulani la ng'ombe au nyati porini? Nchi zilisimamisha chanjo, kisha zikapima damu ya wanyama waliozaliwa baadaye. Wasipokuwa na kingamwili, ilimaanisha kwamba hawajakutana na chanjo wala kirusi. Hapa ukimya wa damu nao ulikuwa ushuhuda.

Kipimo hujibu kilichoulizwa tu

Pamoja na faida hizo, kipimo si nabii. Yafaa tufahamu mipaka yake minne, kwani kutoifahamu kumevunja nyumba na kuchafua majina ya watu.

Kwanza, kuna kipindi cha kusubiri. Aliyeambukizwa jana bado hajatengeneza kingamwili za kutosha, na kipimo kinaweza kusema hana kitu. Ndiyo maana mtu huambiwa arudi kupima tena.

Pili, kingamwili za kudumu husimulia yaliyopita. Mbuzi aliyekutwa na kingamwili za homa ya Bonde la Ufa huenda alishapona zamani, na si lazima awe hatari leo. Vivyo hivyo, kipimo cha haraka cha malaria hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo inaweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Basi, anayepimwa tena mapema na kuona mistari miwili asihukumu kwamba dawa ni bandia. Amweleze mganga kwamba alitibiwa karibuni.

Tatu, mtoto hubeba ushuhuda wa mama yake. Mtoto wa binadamu hupokea kingamwili za mama kupitia kondo la nyuma, na ndama huzipata katika dang'a, yale maziwa ya kwanza. Kwa sababu hiyo, mtoto mchanga wa mama anayeishi na VVU anaweza kuonekana ana kingamwili za VVU ilhali hana kirusi. Watoto walio chini ya miezi 18 hupimwa kwa kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe. Mama asikate tamaa, wala jirani asitangaze msiba usiokuwepo. Ampeleke mtoto kliniki na kufuata ratiba yote ya vipimo na dawa.

Nne, kipimo kizuri kinaweza kukosea, hasa pale ugonjwa unapokuwa adimu. Tuseme kijiji kina mbuzi 1,000, na 10 tu ndio walioambukizwa. Kipimo kinawagundua wote 10, lakini hukosea kwa wawili katika kila mbuzi 100 wazima. Katika wazima 990, takriban 20 wataonekana wagonjwa. Jumla ni mbuzi 30 waliotajwa, na 20 kati yao hawana ugonjwa! Ndiyo maana matokeo huthibitishwa kwa kipimo cha pili cha aina tofauti. Kwa VVU pia, jibu la kwanza linaloonesha maambukizi halihesabiwi kuwa la mwisho hadi lithibitishwe.

Mama Kanisa anatufundisha nini?

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatuagiza kumheshimu tabibu, kwa kuwa maarifa yake na dawa zake vyatoka kwa Bwana. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2292 hadi 2295, inafundisha kwamba utafiti unaweza kuchangia uponyaji wa wagonjwa na maendeleo ya afya ya jamii, lakini hauwezi kuhalalisha tendo linalokiuka hadhi ya mtu. Tena anayeshiriki apaswa kuridhia akiwa anaelewa. Kuhusu wanyama, namba 2417 na 2418 zinakubali majaribio ya kitabibu na kisayansi yanayobaki katika mipaka ya busara na kusaidia kutunza au kuokoa maisha ya watu, huku zikikataza kuwatesa wanyama pasipo sababu. Naye Hayati Baba Mtakatifu Francisko, katika Waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, alikazia kwamba viumbe vyote vimeunganika. Homa inayoanza kwa mbu, ikapita kwa mbuzi, ikafika kwa mama anayechuna nyama jikoni, ni fundisho la wazi la muungano huo.

Basi, mwamini anapoombwa damu yake au ya mfugo wake kwa ajili ya utafiti, anayo haki ya kuuliza: Mnatafuta ugonjwa gani? Nani ameidhinisha utafiti huu? Nitapewa majibu, na nani mwingine atayaona? Nikikataa, nitanyimwa huduma? Kwa utafiti unaohusu watu, kibali cha maadili hutolewa chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na kwa mifugo yafaa afisa mifugo wa kata awe na taarifa. Mtafiti mwaminifu hachukizwi na maswali haya. Akishaeleza na mtu akaridhika, kukubali ni tendo la upendo kwa jirani, hata kwa yule wa mkoa wa mbali asiyejulikana.

Na majibu yakija, Amri ya Nane inatuhusu. Kumtangaza mtu kwa jibu lisilothibitishwa ni kumshuhudia uongo, na kulitangaza hata lililothibitishwa bila sababu ya haki ni kumvunjia heshima. Kwa upande mwingine, kuficha kwamba mbuzi wanatupa mimba zizini, kisha kuwauza haraka mnadani, ni kumdhulumu mnunuzi na kuhatarisha familia yake.

Tusisubiri maabara ndipo tujilinde. Tuchemshe maziwa na kupika nyama ikaiva vema. Tusishike vijusi vilivyotupwa wala kumsaidia mnyama kuzaa kwa mikono mitupu. Tusichinje mnyama mgonjwa kwa hofu ya hasara. Mimba zikitupwa kwa wingi baada ya mvua kubwa, tumjulishe afisa mifugo siku hiyo hiyo. Na aliyepatwa na homa kali baada ya kushughulikia mifugo amweleze mganga habari za zizini pia, si za mwilini mwake tu.

Jumuiya Ndogondogo za Kikristo zinaweza kulifanya jambo hili kuwa sehemu ya mazungumzo yao, hasa kabla ya msimu wa mvua, kwa kumwalika mhudumu wa afya na afisa mifugo waketi pamoja na kujibu maswali ya wanajumuiya. Mungu ameiwekea damu kumbukumbu kwa ajili ya uhai. Tuisikilize kwa unyenyekevu, na tuyatumie yale inayotueleza kwa ukweli na upendo.