Wanapita Mlangoni Petu: Wageni Wanafuata Nini Ngorongoro?

Tulikuwa tumesimama kando ya lami pale Rhotia, tukisubiri gari la kutupandisha Mbulumbulu. Katika muda usiofika saa moja tulihesabu magari ya watalii 23, yote yakielekea upande mmoja: Karatu, na baada ya Karatu lango la Lodoare. Ndani yake tuliona kofia pana, nyuso zilizoiva kwa jua, na kamera zenye midomo mirefu. Jirani yetu alikuwa mama mmoja aliyeketi juu ya gunia lake la karoti. Gari la mwisho lilipotumwagia upepo wake, alishusha kanga usoni akauliza, si kwetu hasa bali kwa barabara yenyewe: "Hivi hawa watu wanafuata nini huko?"

Tulidhani ni utani. Lakini tulipopanda naye gari tukajua alikuwa anauliza kweli. Amezaliwa Mbulumbulu, ameolewa Mbulumbulu, amelea watoto sita, na sasa ana wajukuu. Msitu unaoonekana nyuma ya shamba lake ni msitu wa Ngorongoro. Hata hivyo hajawahi kuiona kreta kwa macho yake. Jirani zake wengi vilevile. Msomaji, kabla hujawashangaa, jiulize wewe unayekaa Arusha, Moshi au Dar es Salaam: umekwenda lini?

Mbulumbulu imekaa mahali pa ajabu. Upande mmoja ni msitu, upande wa pili ni ukuta wa Bonde la Ufa, ambapo ardhi inakatika ghafula na chini kabisa unaona nchi ya Selela ikielekea Engaruka. Katikati ndipo yalipo mashamba ya ngano, mahindi, maharage na ngwara. Upper Kitete ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kama kijiji cha makazi mapya, na tangu hapo ngano imekuwa jina lake. Udongo ni mwekundu. Wakati wa kiangazi unaingia mpaka ndani ya sufuria, na wakati wa masika gari linateleza kama limepakwa mafuta. Huku watalii hawafiki kwa wingi. Magari yao yanabaki chini, kwenye lami.

Tukaahidi kumtafutia yule mama jibu.

Bakuli lililojaa

Siku iliyofuata tuliondoka Karatu kabla jua halijachomoza. Baada ya lango barabara inapanda ndani ya msitu, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba dereva aliwasha taa. Juu ukingoni, kwenye kimo cha zaidi ya meta 2,200, baridi ilikuwa ya kutetemesha meno, na sisi tulikuwa tumevaa kama watu wanaokwenda arusini. Ukungu ukafunguka kidogo, ukafunga, ukafunguka tena. Ndipo tukaona.

Zamani sana, kati ya miaka milioni 2 na 3 iliyopita, hapa palikuwa na mlima mkubwa wa moto. Ulipokwisha kutapika, kilele chake kilididimia ndani, na likabaki bakuli lenye sakafu ya kilometa za mraba 260 hivi, lililozungukwa na kuta za kimo cha meta 600. Ndani ya bakuli hilo mna ziwa la magadi, chemchemi za maji matamu, nyasi, na msitu wa migunga wa Lerai. Kwa sababu maji na malisho vipo mwaka mzima, wanyama wengi hawana haja ya kuhama. Hukadiriwa kuwa wanyama wakubwa wapatao 25,000 hukaa humo: nyumbu, pundamilia, nyati, simba, fisi na viboko. Twiga hawamo. Husemwa kwamba miguu yao mirefu haipendi kuta zile.

Hilo ndilo jibu la kwanza, na nadhani ndilo kubwa. Mtu anayefanya kazi Ulaya au Marekani hupewa likizo ya wiki chache tu, na safari yake ameiwekea akiba kwa miaka. Katika mbuga nyingine anaweza kuzunguka siku 3 akimtafuta faru bila kumwona. Kreta inampa matumaini ya kuona kwa siku moja kile ambacho kwingine kingemchukua wiki. Wiki inayobaki anaipeleka Zanzibar, akalale mchangani. Visiwa vya Karibi huko mbali huuza bahari na jua. Sisi tunauza bahari, jua na simba pia, na mgeni anajua kupiga hesabu.

Tulimwona faru mmoja, kwa mbali, kama jiwe jeusi lenye masikio. Dereva wetu alituhadithia habari za Fausta, faru jike aliyeishi katika kreta hii hadi alipokufa Desemba 2019, akiwa na umri uliokadiriwa kuwa miaka 57. Waliomtunza waliamini ndiye faru mzee kuliko wote duniani. Hakuwahi kuzaa. Uzeeni macho yalififia na fisi wakaanza kumjeruhi, hivyo mwaka 2016 akawekwa katika zizi maalumu, akalindwa na kulishwa hadi mwisho. Mmoja wetu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba wapo akina bibi vijijini ambao hawajapata matunzo kama hayo. Hakuna aliyembishia.

Mama mwenye mbwa na nyundo

Wapo pia wageni wasiojali sana simba. Hao wanapita ukingo wa kreta na kuendelea hadi Olduvai, korongo kavu lenye jua kali. Tarehe 17 Julai 1959 mumewe Mary Leakey alikuwa kambini, mgonjwa. Mary akatoka peke yake na mbwa wake, akaona mfupa umechomoza ardhini. Lilikuwa fuvu la kiumbe wa kale ambaye wataalamu walimpa umri wa miaka milioni 1.75. Alikuwa mama wa watoto watatu wa kiume, na wakati huo alikuwa na umri wa miaka 46. Karibu miaka 20 baadaye, mwaka 1978, kikosi chake kilifukua Laetoli nyayo zilizoachwa katika majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita. Ni nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili, wakubwa na mdogo, njia moja.

Tunajua baadhi ya wasomaji wetu husitasita wanaposikia mamilioni hayo ya miaka. Hilo ni mazungumzo ya siku nyingine. Tunachotaka kusema ni kwamba kuna watu wanaopanda ndege saa kumi na zaidi ili kusimama mahali ambapo pengine mkubwa na mdogo walipita pamoja. Mzazi yeyote anaelewa.

Na wapo wanaovutwa na Wamasai wenyewe, mashuka mekundu, maboma na ng'ombe. Hapa inatubidi tuseme wazi, maana vipeperushi vya kampuni za utalii havisemi. Ngorongoro ilitengwa na Serengeti mwaka 1959 ili wafugaji na wanyama waishi pamoja, na watu waliotolewa Serengeti waliahidiwa kukaa huku. Tangu Juni 2022 serikali imekuwa ikihamishia kaya nyingi Msomera, wilayani Handeni, ikieleza kwamba watu na mifugo wamezidi. Wako walioondoka kwa hiari, na wako waliokataa. Agosti 2024 wakazi walijaa barabarani kueleza malalamiko yao, na magari ya watalii yakasimama. Mama aliyebomolewa jiko lake, popote alipo, haulizi wageni wanafuata nini. Anauliza atapika wapi.

Upande huu wa msitu

Turudi Mbulumbulu, maana huko ndiko swali lilikoulizwa.

Jioni tulipowasimulia akina mama tuliyoyaona, walisikiliza kwa adabu hadi tulipofika kwa tembo. Hapo kikao kikabadilika. Tembo ambaye mgeni amevuka bahari kumwona, wao wanamjua kwa kishindo chake. Hutoka msituni usiku mahindi yanapokomaa. Mtoto mkubwa hupiga debe, baba huwasha moto, na asubuhi mama huhesabu mistari iliyobaki. Wengine wamejaribu kuzungushia shamba kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili. Zinasaidia, kisha mvua inanyesha na kuziosha. Kipo kifuta jasho kinachotolewa na serikali kwa aliyeharibiwa mazao, lakini akina mama walisema hakijazi debe, na huja wakati watoto wameshalala njaa mara nyingi.

Hata hivyo hakuna hata mmoja aliyesema msitu ukatwe. Chemchemi zinazonywesha vijiji vya Karatu zinatoka kwenye msitu huo huo. Bibi mmoja aliinua ndoo yake iliyojaa na kusema kwa Kiiraqw maneno ambayo mkwewe alitutafsiria: tembo anakula, lakini msitu unanywesha.

Na mgeni je, analeta nini hadi huku? Kwa viwango vya miaka ya karibuni, mtu mzima kutoka nje ya nchi hulipa langoni dola 60 kabla ya kodi, na gari lake likishuka ndani ya kreta hulipiwa dola 250 nyingine. Fedha hizo haziji kwa mama wa karoti. Zinazomfikia hupita njia ndefu. Hoteli za Karatu zinahitaji karoti, viazi, mayai na kuku kila siku. Dalali anakuja na gari lake, anataja bei, na mwenye gunia lililokwisha kung'olewa hawezi kukataa. Tulikutana na kikundi kimoja cha akina mama kilichoamua kukusanya mazao pamoja na kupeleka wenyewe mara moja kwa wiki. Walisema faida ya kwanza haikuwa fedha. Walijua kwa mara ya kwanza bei halisi ya karoti mjini.

Wanajua pia kwamba njia hiyo hukatika. Mwaka 2019 nchi yetu ilipokea wageni zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege duniani, walifika kama 620,000 tu. Karatu ilinyamaza. Vijana waliokuwa wapishi na madereva walirudi vijijini wakiwa na begi moja, na saladi ambazo hakuna Mwiraqw anayezila zilipewa nguruwe. Mwaka 2024 wageni walipita milioni 2.1, na lami imejaa tena. Akina mama wa Mbulumbulu wamelima saladi tena, ila safari hii robo eka, si eka nzima. Mahindi na maharage kwanza, walisema, mzungu baadaye.

Ukitaka kwenda na wanao

Si jambo la matajiri peke yao. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio kidogo mno kuliko mgeni: kimekuwa shilingi 10,000 kabla ya kodi kwa mtu mzima, na pungufu kwa watoto. Ulizeni kwanza, viwango hubadilika. Mzigo mkubwa ni gari, kwa sababu kushuka kreta kunahitaji gari lenye nguvu za magurudumu yote manne. Ndiyo maana inafaa kwenda kwa kikundi, familia mbili tatu au umoja wa akina mama, mkachanga polepole kama mnavyochangia arusi. Chukueni masweta, tena mazito, na blanketi kwa mtoto mchanga. Chakula pikeni nyumbani. Mkifika chemchemi ya Ngoitokitok, mahali pa kupumzikia, kuleni ndani ya gari. Sisi tulishuka na sahani zetu kwa heshima zote, na mwewe mmoja akateremka akanyakua paja la kuku mkononi mwa mhariri wetu, na kidole karibu kiende.

Kile kikundi cha karoti kimekwisha kuanza kuchanga, kila mama kiasi kidogo kila wiki. Wamekubaliana kwenda baada ya mavuno ya ngwara, na kila mmoja achukue mtoto mmoja. Ubishi uliobaki ni nani atalala shambani siku hiyo kulinda mahindi yaliyochelewa. Yule mama wa Rhotia alisema mumewe amekubali, baada ya maneno mengi. Kisha akatuuliza kama tembo wa kule ndani ya kreta ndio hawa hawa wa msituni.

Tulimwambia kwamba wengi wa walio mle ndani ni madume wazee wenye pembe ndefu.

"Basi mmoja nitamtambua," alisema. "Ananidai salamu tangu msimu uliopita."