Boosta Si Adui Yako

Wasee wakiona fundi amepanda juu ya flati kuweka antena ya boosta, base nzima inaanza kuteta. "Hiyo kitu itatuchoma ubongo!" Maze, hizo ni stori za jaba. Mawimbi ya simu hayana nguvu ya kuvunja DNA kama eksirei. Chenye yanaeza ni kupasha mwili joto, na joto hilo ni kidogo sana. Lile joto unaskia kwa sikio ukishabonga na dem lisaa lizima? Hilo mingi ni la betri.

Sasa skia penye mbogi huchanganyikiwa. Fone yako hupima network kila saa. Boosta ikiwa karibu, inanong'ona tu. Ukiingia lifti ama besment, ama ukienda ocha kwa shosh penye kupata network lazima upande kilima, inaanza kupiga nduru ndio iskike, na hapo umeibana kwa sikio. So mtaa ukifukuza boosta, mawimbi yenye yanakufikia kichwani yanaeza kuongezeka.

Wasiwasi ulishika mwaka wa 2011, IARC, tawi la WHO la utafiti wa saratani, ilipoweka haya mawimbi kwa kundi la 2B, yaani huenda yakaleta kansa. Hiyo "huenda" ndio watu walikula ikawalewesha. Kundi hilohilo baadaye liliingizwa dondoo la jani zima la aloe vera, na sijaona mtu akiandamana juu ya aloe vera. Halafu 2024 uchambuzi mkubwa wenye WHO iliagiza haukupata uhusiano kati ya simu na kansa ya ubongo.

Bado una wasi? Freshi. Piga *#07#, simu mingi zitakuonyesha SAR, kipimo cha nguvu yenye mwili unafyonza. Marekani imeweka mwisho wati 1.6 kwa kilo, Ulaya 2. Ukitaka kupunguza zaidi, weka spika ama earphones, juu hata sentimita chache mbali na kichwa zinashusha hiyo kitu vibaya sana. Baa ikibaki moja, tuma meseji.

Mimi, mwenye hunitia baridi ni yule jamaa wa nduthi amechomeka fone ndani ya helmeti, anabongesha kastoma bei huku anapenya katikati ya trela mbili Mombasa Road. Huyo hata SAR ikiwa sufuri, bado ni ngori.